Milango Sita

Musumba, 28 Januari 2024

Tata mpendwa,

Pokea salamu zetu, mimi na mkweo Henri. Tumefika wazima, ila mgongo wangu bado unalalamika. Siku kumi na moja barabarani, na mbili kati ya hizo tulilala chini ya lori la tata Ezéchiel tukingoja matope yakauke. Shule imefunguliwa, Henri ana watoto sabini darasani na chaki kidogo. Mihogo yetu imeota vizuri. Mlingoti wa simu uliokufa mwezi wa kumi na mmoja bado umekufa, kwa hiyo usijichoshe kupiga. Andika, umpe tata Ezéchiel. Presha yako je? Dawa unazinywa wewe, au unawapa kuku?

Sasa neno lenyewe. Karata zangu nne ziko ndani ya Biblia na Henri amekatazwa kuzitazama. Bado naona aibu. Siku ile ya kuondoka kwako, lori linapiga honi mlangoni, zamu ni yangu, nami nimekaa nahesabu vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Baba wa mtu mwingine angesema basi, changanya, tutacheza siku nyingine. Wewe ukasema mkono wa karata ulioanzwa hauvunjwi nyumbani mwa Ngeleka, kila mtu aende na karata zake, maneno yatakuja kwa barua. Abiria wa lori walidhani tunagawana urithi!

Basi neno langu ni hili. Mezani umefungua mfalme wa pike, pamoja na tisa na tatu za trefle, zile ninazoziita majani matatu tangu utoto. Mimi nasukuma dau la maharagwe kumi na mawili.

Na Rémy asijifanye amesahau tunachezea nini. Nikishinda mimi, anaacha shimo la cobalt, anakuja huku kulima na Henri. Akishinda yeye, nafunga mdomo na silitaji tena shimo maisha yangu yote. Alikubali mbele yako, kiganja chake juu ya meza. Tata, huku mvua ikinyesha mimi nafikiria udongo wa huko. Ana miaka ishirini na tatu na ndiye ndugu pekee niliye naye. Naogopa, na sioni haya kuandika kwamba naogopa.

Binti yako,
Mushiya

*

Kapata, 3 Machi 2024

Mama Mushiya,

Nakuita mama kama siku zote, maana jina ulilobeba ni la mama yangu na ukali pia ni wake. Barua yako imefika tarehe 25 Februari ikiwa na alama ya mafuta ya mawese, nadhani Ezéchiel aliifanya sahani. Mimi ni mzima. Dawa nakunywa. Kuku wawili wamekufa, lakini si kwa dawa zangu, mwewe ndiye wa kujibu. Bati la jikoni linavuja palepale, na jirani yetu mama Josée ananiletea sombe kila Jumapili baada ya misa, eti nimekonda.

Rémy yuko hapa pembeni yangu, anamaliza karanga zangu. Nimemsomea neno lako wewe dada yake. Alicheka mpaka akakohoa.

"Yaya anasukuma douze tu? Mi naweka yote, trente-six. Na we tata, fungua tu zote mbili leo, tumalize. Yaya atafuata, mi namujua."

"Hapana. Neno yake haiyafika."

"Tata, barua itamaliza mwezi muzima!"

"Imalize hata miezi mbili."

Amenuna kama alivyokuwa akinuna akiwa na miaka sita. Lakini wewe unanijua. Karata haifunguliwi kabla neno la kila mchezaji halijafika. Ndivyo alivyonifundisha yule injinia wa serkle, ile klabu ya wafanyakazi, wakati ule nikiendesha lokomotivu. Kampuni ikazimika, serkle ikapoteza paa, mchezo wake wa Omaha ukabaki kwangu: karata nne mkononi mwa kila mtu, tano mezani, na lazima utumie mbili zako na tatu za meza, si zaidi si pungufu. Unakumbuka ulivyolia ukiwa na miaka tisa? Mezani trefle nne, mkononi unayo moja, ukadhani umeshinda dunia. Hukula jioni ile.

Kwa hiyo rundo nimelifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli, liko juu ya kabati la Rémy, na hakuna mkono utakaoligusa mpaka useme. Ameweka maharagwe yake yote thelathini na sita. Ukimfuata, hakuna la kuongeza tena, nitafungua ya nne na ya tano kwa pamoja. Usikimbilie. Hesabu kwanza milango yako, yaani karata zinazoweza kukuokoa. Na uhesabu milango inayofunguka, si ile uliyojichorea ukutani.

Kuhusu shimo, nimesema mpaka nimechoka. Anashuka kila alfajiri. Anasema shimo lao limeshikizwa kwa magogo mapya na yeye si mtoto. Na mimi pia namwombea ashindwe, lakini mgawaji hana upande, usimwambie.

Baba yako,
Ngeleka

*

Musumba, 30 Machi 2024

Tata,

Shikamoo ya mbali, na pole kwa kuku. Kaa kwanza ndiyo usome.

Nina mimba, mwezi wa tatu. Sikuandika mapema kwa sababu ya zile mbili tulizopoteza, hata Henri nilimwambia juzi tu. Mama wa maternite amenikanya: nisibebe maji, nisipande baiskeli, nisihangaishe moyo. Akasema mfuko wangu ni dhaifu na huzuni inaweza kuufungua kabla ya wakati. Sasa nimekuwa kama yai, nikikohoa watu wanasimama. Tata, safari hii namtaka huyu mtoto mpaka naogopa kumtaja.

Sasa mwambie huyo mwenye kiburi kwamba namfuata. Thelathini na sita zote. Nimehesabu milango yangu mara kumi, ni sita. Sita si mingi, najua, lakini nimeshakuona wewe ukiokoka kwa miwili. Tena mwambie aanze kuosha begi lake. Henri amekwisha kumpimia shamba karibu na mto, na jembe lina mpini mpya.

Fungua, tata. Zote mbili.

Mushiya

*

Kapata, 12 Mei 2024

Mama Mushiya,

Barua yako ilifika tarehe 21 Aprili. Nisamehe sikujibu. Nyumbani kulikuwa na watu wengi. Shangazi yako Tshibola alikuja kutoka Likasi akakaa wiki mbili, na watu wa kanisa pia walikuja, viti havikutosha tukaazima kwa Josée. Sasa wamekwenda na nyumba imekuwa kubwa.

Habari ya mtoto nimeisoma peke yangu, halafu nikaisoma tena kwa Tshibola. Alilia. Nami nililia, wewe chukulia ni furaha. Kula samaki, kula mayai, usisikilize wanaosema mayai ni mwiko. Wazee wetu walisema masikio ya mwenye mimba ni masikio ya mtoto, chochote anachosikia mama kinamfikia yule wa ndani. Kwa hiyo mimi nitakuandikia mambo mema tu.

Karata sijafungua. Kabati ni refu na bega langu linauma. Ngoja kidogo.

Lakini mwanangu, nilikufundisha hesabu gani? Mtu anayefuata maharagwe thelathini na sita mbele ya meza yenye trefle mbili ana trefle mbili mkononi na anangoja ya tano, sihitaji kuziona. Trefle ziko kumi na tatu. Toa zako mbili, toa mbili za meza. Zinabaki tisa. Hiyo sita umeitoa wapi? Mimba imekula tarakimu zako.

Rémy hana neno la kuongeza. Maharagwe yake yako palepale kwenye sinia.



Baba yako

*

Musumba, 9 Juni 2024

Tata,

Nakusalimu nikiwa nimelala. Mwezi wa tano nilitoka damu siku mbili. Imekwisha, usishtuke, mtoto anacheza, ila mama wa maternite amesema nisitoke kitandani mpaka nijifungue. Naandikia juu ya sufuria iliyogeuzwa.

Barua yako ni nusu ukurasa. Wewe, ambaye kifo cha kuku mmoja kinakuchukua mistari mitano! Tena shangazi Tshibola, ambaye haachi meza yake ya sokoni hata siku ya Pasaka, amekaa kwako wiki mbili kufanya nini? Nimemuuliza Henri, amesema labda alikuwa anakumiss. Kisha akatoka kwenda kuchota maji. Siku hizi Henri anachota maji, anapika bukari, ananikuna mgongo kabla sijaomba. Na tata Ezéchiel, aliyekuwa hapiti bila kunywa chai hapa, barua yako aliiacha dukani akaondoka. Ghafla kila mtu ananipenda na hakuna anayenitazama usoni.

Labda ni kitanda hiki. Mtu akilala mchana kutwa anaanza kusikia mchwa wakila nyumba.

Naomba mambo mawili. Fungua karata, bega lako limwombe Josée kiti. Na mwambie Rémy aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake, hata tusi. Bado anashuka? Nijibu hilo kabla ya yote.

Milango ni sita, tata. Usinibishie.

Mushiya

*

Kapata, 7 Julai 2024

Mama Mushiya,

Umeniuliza kabla ya yote, nami nakujibu kabla ya salamu. Rémy hashuki tena shimoni. Nakuapia kwa jina la mama yangu ulilobeba: hashuki tena. Buti zake nimempa Kabeya, mtoto wa Josée.

Karata ya nne ni hii: malkia wa trefle.

Ya tano sikuifungua, hakuna haja. Mbele ya malkia huyo Rémy hawezi kukupinga. Karata zake nne ninazo mimi. Umeshinda, mama. Maharagwe yote ni yako, nimeyatia kwenye kopo la maziwa na nimeandika jina lako juu.

Usingoje aandike, unajua alivyokuwa akiikimbia kalamu tangu shule. Na habari ya kuja kwake Musumba tusiizungumze sasa, njia ni ndefu.

Lala. Lala kama mtu aliyeshinda, mtoto apate nguvu. Mimi ni mzima, Josée ananipikia. Bati la jikoni limezibwa, vijana waliokuwa wakifanya kazi na Rémy walikuja wakaliziba bila kuomba kitu. Vijana wazuri.

Baba yako anayekupenda. Sijui kama nimewahi kukuandikia hivyo.

Ngeleka

*

Musumba, 4 Agosti 2024

Tata wangu,

Barua imefika jana. Malkia wa trefle. Nimefungua Biblia, nimezitazama karata zangu, nimezirudisha.

Asante. Umenipa karata nzuri.

Sina swali. Mtoto yuko hai, nalala kwa ubavu wa kushoto kama nilivyoambiwa. Henri bado anachota maji, nimemwacha achote.

Wewe unakula? Unalala? Usikae peke yako jioni, tata, nakuomba. Mwite shangazi Tshibola arudi, mwambie nimesema mimi, meza yake ya sokoni haitakimbia. Kama mkono unachoka, usiandike mengi. Niandikie tu kwamba upo.

Mushiya

*

Kapata, 1 Septemba 2024

Mama,

Nipo.

Tshibola amerudi, analalamika juu ya godoro. Hukuniuliza habari za Rémy safari hii. Si kitu. Nasema tu kwamba nimeona, na nimefurahi kuwa umetulia.

Jana nilikumbuka siku aliyoficha asi ndani ya chungu cha maharagwe, na mama yenu akaipika. Tulikula wote tukasema maharagwe ya leo yana nini. Alikuwa na miaka saba. Nilimpiga, naye akasema, "Tata, usinipige, karata imeiva." Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Imebaki miezi miwili, au ni mmoja? Nahesabu kwa alama za makaa ukutani, Tshibola anazifuta akidhani ni uchafu.

Baba yako

*

Musumba, 20 Oktoba 2024

Tata,

Umepata mjukuu. Amezaliwa tarehe 2, asubuhi, kilo mbili na nusu, msichana. Tumemwita Abigaël. Analia kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Mimi nimepona, naketi, natembea hadi mlangoni. Henri amemwonyesha watoto wote sabini wa darasa lake, kumi kumi.

Mtoto ametoka, tata. Sasa masikio yangu ni yangu peke yangu.

Rémy alikufa siku gani?

Usimkaripie Henri, hakufungua mdomo. Wala Ezéchiel. Umeniambia wewe, kwa karata ile.

Siku ile ya lori, ulipokuwa unafunga mzigo wangu kwa kamba, Rémy alinivuta nyuma ya gurudumu. Akaniambia, "Yaya, usijidanganye. Mi niko na tisa mbili, na dame na huit ya trefle. Kama uko unangojea trefle, hesabu sita, hapana tisa. Sipendi kukuibia. Lakini usiambie tata, atatufukuza bote." Ndivyo alivyokuwa, anakubishia mchana kutwa, halafu anakuonyesha mkono wake ili usiumie.

Kwa hiyo hesabu yangu haikuwa mbovu. Trefle tisa zilionekana kubaki. Mbili, malkia na nane, zilikuwa mfukoni mwake, zikabaki saba; na asi ya trefle ninayo mimi, kwa hiyo trefle zake zisingenipita. Na mfalme wa trefle angekuja, mimi ningepata trefle zangu tano, lakini meza ingekuwa na wafalme wawili na yeye kwa tisa zake tatu pamoja na wafalme hao angenipita. Mlango kama huo hauhesabiwi. Sita. Wewe ulinibishia kwa sababu ulikuwa hujui, nami nisingeweza kukueleza bila kumchongea.

Halafu unaniandikia kwamba juu ya meza amekuja malkia wa trefle. Malkia yule hakuwa kwenye rundo, tata. Alikuwa kwa Rémy, katika mfuko wa shati, na Rémy asingemtoa kwa mtu yeyote wakati mkono haujaisha. Na mtu mwenye tisa tatu hakubali kushindwa kabla ya karata ya tano, hata akiwa na homa. Nilikaa na barua yako mikononi. Nikasoma tena, "Karata zake nne ninazo mimi." Ndipo nikajua.

Nilitaka kupiga kelele. Nikauma shuka. Mtoto akageuka ndani, nikamwambia, wewe hukusikia kitu, lala. Nikakuandikia barua ya asante. Kwa wiki kumi na moja nimemlilia ndugu yangu, tata, nimemlilia bila sauti wakati Henri yuko shule, na akirudi nimenawa uso. Yeye ananificha, namficha. Wewe unanificha, nakuficha. Nilifikiri kwamba kama ukijua nimejua, utaona hata hilo moja ulilojitahidi kulishika limekuponyoka.

Nimekuwa na hasira, nitakuambia pia hilo. Mmemzika bila mimi. Sikumtupia hata kiganja kimoja cha udongo. Lakini namtazama Abigaël akinyonya, na siwezi kusema ulikosea.

Sasa naomba, usinifiche tena kitu chochote, hata kwa upendo. Niambie siku. Niambie ilikuwaje. Na ile karata ya kweli, iliyokuwa juu ya kabati, ifungue. Mkono ulioanzwa hauvunjwi nyumbani mwa Ngeleka. Nataka kujua iliyokuwa yangu.

Mushiya

*

Kapata, 17 Novemba 2024

Mushiya mwanangu,

Karibu Abigaël. Nimelitamka jina lake mbele ya picha ya mama yenu, na Tshibola amecheza katikati ya chumba na miguu yake ile mibovu.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Aprili. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, nikamwambia leo usiende. Akasema, "Tata, magogo ni mapya." Udongo ulishuka kabla ya saa nne asubuhi. Walikuwa watano chini. Wenzake walichimba kwa mikono na majembe, na mimi nilikuwepo, na miaka yangu sabini na moja, nilipokea ndoo za udongo kama wengine. Tulimpata siku ya tatu. Uso wake ulikuwa mzima. Katika mfuko wa shati kulikuwa na sashe ya plastiki imefungwa kwa fundo, na ndani karata nne, kavu kabisa.

Tulimzika Jumapili. Barua yako ilifika Jumapili iliyofuata, nikiwa bado nimekaa chini kwenye mkeka wa kilio. Nikasoma una mimba, nikasoma huzuni inaweza kuufungua mfuko wako, nikasoma aoshe begi lake. Nikawaambia wote waliokuwepo: atakayemwambia Mushiya, mimi si mtu wake tena. Ezéchiel alikuwa amesimama mlangoni, akavua kofia akaapa kwamba atamwambia Henri peke yake.

Kuhusu malkia, nisikilize. Nilijua unataka trefle. Nilitaka ulale umeshinda. Ningeweza kufungua rundo nikatafuta moja, lakini maisha yangu yote sijawahi kuchungulia rundo, mkono ulikataa. Za Rémy zilikuwa zimeshafunguliwa mbele yangu na wale waliomwosha. Nikasema hakuna anayezijua ila marehemu na mimi. Nikachukua ile iliyo nzuri zaidi. Sikujua kwamba nyinyi wawili mmenizunguka nyuma ya gurudumu. Nimecheka, Mushiya. Tangu Aprili sikuwa nimecheka. Kisha nikatoka nje ili Tshibola asinione.

Sasa lile ulilouliza mwisho. Barua yako ninayo tangu siku kumi. Juzi nilipanda kiti, nikashusha rundo, nikakata mpira kwa kisu kwa sababu ulikuwa umegandana. Nikafungua. Nikataka kukuandikia kwamba ilikuwa karata tupu, isiyokusaidia. Nimeandika hivyo mara mbili, na karatasi zote mbili Tshibola amewashia moto wa jikoni. Umesema nisikufiche tena hata kwa upendo.

Ya nne ni nne ya trefle. Ya tano ni mbili ya karo, si trefle, haibadilishi kitu. Ni mmoja wa milango yako sita, mwanangu. Umeshinda kwa haki, hata na tisa zake tatu.

Ilikuwa juu kabisa ya rundo tangu Januari. Kila alfajiri aliinama kuvaa buti chini ya kabati lile, na karata ya kumtoa shimoni iko juu ya kichwa chake. Mwezi wa tatu aliniomba kwa mdomo wake, "fungua tu zote mbili leo, tumalize." Angeshindwa siku ileile. Angenuna, angekula karanga zangu zote, angepanda lori la Ezéchiel. Mimi nikamwambia neno la dada yake halijafika.

Sijui nifanye nini na sheria yangu sasa. Nimezirudisha karata zote pamoja, zake nne na zile nyingine, ila zako zinakosekana. Zilete mwenyewe mvua zikiisha, pamoja na mtoto, nikuonyeshe alipolala. Lori likipiga honi nitakuwa nje.

Tata yako,
Ngeleka